Lazanya ya Krismasi: ipange tarehe 24, uioke tarehe 25

Dada, umeuliza kama lazanya (pasta bapa inayopangwa kwa tabaka na mchuzi, kisha kuokwa) inaweza kupangwa usiku wa mkesha halafu ikaokwa siku ya sikukuu. Inawezekana, na mimi naona ndiyo inanoga zaidi, maana viungo vinapata muda wa kukolea.

La kuangalia ni mchuzi. Vile vipande bapa vya pasta kavu vitakunywa maji usiku kucha, kwa hiyo mchuzi wa nyama ya kusaga uache mwepesi kuliko unavyoupenda mezani. Mwaka juzi niliukausha mpaka mafuta yakaelea juu, kama nilivyozoea kwenye rosti. Kesho yake kingo zilikuwa ngumu kama chapati ya juzi. Wakwe walikula kimya kimya.

Mchuzi na sosi nyeupe (siagi, unga wa ngano, maziwa, kungumanga kidogo) vipoe kabla ya kupanga. Anza na mchuzi chini, malizia kwa sosi nyeupe na jibini. Funika kwa foili, ila isigusane na nyanya, uchachu wake huitoboa. Kisha iweke kwenye friji mpaka kesho.

Kama bakuli ni la kioo, usilitoe kwenye friji ukalisukuma moja kwa moja kwenye oveni ya moto, linaweza kupasuka. Liache nje nusu saa. Oka nyuzi 180, dakika 50 likiwa limefunikwa, kisha 15 wazi. Chomeka kisu katikati; kikitoka kimoto, tayari. Iache itulie dakika 15 kabla ya kukata, hata watoto wakilia.