Futari kwa jirani Mkristo, na chakula anachorudisha

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nimepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita. Jirani wa mlango unaofuata ni Mkristo. Ramadhani humpelekea futari, naye Krismasi hunirudishia bakuli likiwa na pilau. Mwenzangu ananiambia sadaka yangu inapotea na pilau lake nisile. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Endelea kumpelekea, sadaka yako haipotei. Katika Suratun Nisaa aya ya 36 Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, wala hakuuliza dini yake. Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume (s.a.w.), alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza mara mbili: mmempelekea jirani yetu Myahudi?

Kipimo chake pia tumefundishwa. Abu Dharr, sahaba mwingine, aliambiwa na Mtume akipika mchuzi azidishe maji, kisha awaangalie majirani zake. Kwa hiyo maji huzidishwa chungu kikiwa bado jikoni, chumvi na viungo vikafuata, na fungu la jirani likatengwa kabla hamjaanza kula. Wengi wetu hukosea hapa: tunangoja tushibe, kisha tunapeleka ukoko na mifupa. Kidogo hakina aibu, hata kwato ya mbuzi Mtume amekataza kuidharau. Aibu ni kumpa mtu kile ulichokwisha kukikataa wewe. Chakula kikiwa hakitoshi vyumba vyote, anza na mlango ulio karibu nawe zaidi. Ndivyo Mtume alivyomjibu mkewe, Bibi Aisha, alipouliza habari ya majirani wawili. Na kama jirani ana kisukari, mpe maharage au samaki, tambi za sukari ziache.

Sasa pilau lake. Mchele, mboga, matunda na samaki havina tatizo. Nyama ya waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, tumehalalishiwa katika Suratul Maida aya ya 5, maadamu imechinjwa. Nguruwe na kilichopikwa kwa pombe ni haramu, kipikwe na yeyote. Una shaka? Muulize kwa upole mkiwa wawili, siku nyingine kabla ya sikukuu: “Mama fulani, sisi hatuli hiki na hiki.” Usipokee kwa tabasamu halafu ukamwage jalalani, maana akiona kuku wake kwenye taka, ujirani umekwisha. Kupokea zawadi siku hiyo si kushiriki ibada yake. Baadhi ya wanachuoni wamekataza kile tu kilichochinjwa kwa ajili ya ibada yenyewe.

Huenda mwenzako amechanganya futari na zakatul fitri, zaka ya lazima ya mwisho wa Ramadhani. Ile pishi moja ya mchele, yaani vibaba vinne, kwa madhehebu yetu ya Shafi hupewa Mwislamu anayestahiki. Hiyo usimpe jirani yako huyu. Futari ni zawadi na sadaka ya hiari, nayo mlango wake ni mpana.

Wallahu aalam.