Aache Kemia na bado asome uuguzi?
Dada, umeuliza kama bintiyo wa Fomu 3 aweza kuacha Kemia. Kwa shahada ya uuguzi, asithubutu. Huangaliwa Baiolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. C+ ya jumla katika mtihani wa Fomu 4 ni mlango tu; KUCCPS, shirika la Kenya linalowapangia wanafunzi vyuo, huyapa uzito masomo hayo manne, ndiyo maana mwenye B aliyelegea Kemia aweza kupitwa na wa B-.

Linalosahaulika, hasa na majina yetu ya Pwani: jina la cheti cha kuzaliwa lilingane herufi kwa herufi na la usajili wa KNEC, baraza la mitihani. "Mohamed" na "Mohammed" kwa kompyuta ni watu wawili, na shida huibuka wakati wa kuomba mkopo. Akitimiza miaka 18, ashughulikie kitambulisho mara moja. Na akiomba nafasi ya chuo, asijaze kozi za Mombasa pekee.