Nina miaka 43 na sijui kucheza: darasa nitalipata wapi Dodoma?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nilihamia Dodoma na ofisi yetu kutoka Dar, naishi Kisasa. Sijawahi kujifunza dansi. Nilikwenda darasa la zumba lililotangazwa kwamba hata wasiojua waje. Wenzangu wakienda kulia, mimi nilikuwa kushoto. Sikurudi. Nitalijuaje darasa la wanaoanza kweli kabla sijatoa hela?

Jibu: Dada, miguu yako haina kosa. Zumba, iliyotoka Colombia, ni mazoezi ya mwili: muziki haukatwi, mwalimu anacheza mbele, nanyi mnafuata. Inafaa kwa jasho na pumzi, ila hakuna anayesimama kukuonyesha uzito wa mwili uwe mguu gani, na kwa anayeanza dansi hilo ndilo somo lenyewe. Chukua mfano wa salsa, dansi ya wawili. Unahesabu 1 hadi 8: unakanyaga 1, 2, 3, unatulia 4, unakanyaga 5, 6, 7, unatulia 8. Wengi hukwama kwenye 5, lakini kosa lilishafanyika kwenye 3. Mguu uliokanyaga 3 uligusa sakafu tu bila kubeba mwili, kwa hiyo ule mwingine unaotakiwa kuondoka ndio bado umeusimamia. Mwalimu wa wanaoanza atazima muziki, atawapa mgongo ili kulia kwake kuwe kulia kwenu, atahesabu kwa mdomo taratibu mpaka hilo likae.

Kwa hiyo ukipiga simu, swali la kwanza si bei. Uliza kama darasa lina tarehe ya kuanza. Palipo na watu wapya kila wiki, mwalimu huishia kuwafuata wa zamani, na wewe unabaki nyuma ukikisia. Kisha omba kukaa pembeni utazame kipindi kimoja, na ukiridhika lipia siku moja kabla ya mwezi mzima. Anayekataa vyote viwili, achana naye.

Usitegemee kuona kibao barabarani. Ulizia gym, kumbi za hoteli, na zaidi ya wote ma-MC wa harusi. Hao wanawafahamu walimu wanaowafundisha maharusi kucheza, watu waliozoea kumpokea bwana harusi mgumu kama mpingo na kumfikisha ukumbini akicheza bila aibu. Jikusanyeni watu wanne au watano pale kazini, mgawane gharama, mwalimu awafuate jioni. Hapo mtakuwa nyote wapya, na darasa litakwenda kwa kasi yenu.

Ukiniuliza mimi, ningejaribu pia ngoma za Wagogo, maana uko nyumbani kwao. Muheme ni ngoma ya wanawake: wanapiga wameibana mapajani, huku wenyewe wanacheza. Vikundi hufanya mazoezi kwa ajili ya maonyesho, si kufundisha wageni, hivyo zungumza na kiongozi akupe mama mmoja wa kukuelekeza.

Jambo la viatu watu hulipuuza. Raba za kukimbilia zinashika sakafu. Ukizunguka, kiatu kinabaki na goti ndilo linalojipinda. Vaa chenye soli ya ngozi au inayoteleza kidogo. Na kama goti lilishawahi kukusumbua, mwambie mwalimu siku ya kwanza, kabla hajafika kwenye mizunguko.