Mashini mpya inashindwa na ya zamani kwenye databezi: prosesa njo iko na kosa?

SWALI: Yaya, niko na depo ya dawa huku Kadutu, Bukavu. Programu yetu ya stoku na fakture inatembea na PostgreSQL (programu inayotunza databezi). Mashini ya zamani ni Core i7-2600, RAM 8 GB, disiki ya kuzunguka. Tumenunua mpya, Core i3-12100, RAM 16 GB, SSD (disiki isiyozunguka). Kuingiza orodha ya bei ya mistari 20,000, ya zamani ilikuwa inamaliza kwa nusu dakika, hii mpya inapita dakika moja! Rapoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa dakika 4, sasa karibu 3. Teknisiye anasema i3 haiwezi databezi, niirudishe nitafute i7. Nimekutumia konfigurasio za mashini zote mbili na ile EXPLAIN uliniomba (maelezo ya njia databezi inayotumia kutoa rapoti). Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, usirudishe kitu. Hii habari ya i7 na i3 inanifikia kila wiki na imenichosha kabisa. i7-2600 ilitoka 2011, i3-12100 ilitoka 2022, zote ziko na kori 4 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 8 (kazi zinazotembea pamoja), ata GHz zinakaribiana, 3.4 kwa ya zamani na 3.3 kwa mpya, lakini hii mpya kwa kila pigo moja la saa yake inafanya kazi mingi zaidi, inapanda hadi 4.3 ikibanwa, na RAM yake ni ya kizazi kingine. Muuzaji akikuambia ni i7 bila kutaja kizazi hajakuambia kitu.

Lakini ata hiyo si shida yako. Watu wanapima databezi wakifikiri wanapima prosesa, na njo hapo teknisiye wengi wanapotea na kupoteza pesa za wengine.

Chukua ile orodha ya bei. Programu yako inaingiza mstari mmoja mmoja, kila mstari na COMMIT yake (amri ya kuhifadhi kabisa), na kwa kila COMMIT PostgreSQL inasubiri disiki ihakikishe kwamba imeandika kweli, ndipo inajibu tayari. Disiki inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mteja mmoja anapata COMMIT kama 120 hivi kwa sekunde, haipiti sana hapo. Gawa 20,000 kwa 120: sekunde 166, karibu dakika 3. Sasa mashini yako ya zamani ilimalizaje kwa nusu dakika? Nikafungua konfigurasio yake nikatafuta, na mstari njo huu:

fsync = off

fsync njo inalazimisha PostgreSQL ingojee disiki iandike kweli, na kuna mtu aliizima. Ile mashini ilikuwa inakuambia imeandika na bado haijaandika, data imekaa kwenye RAM inangojea bahati. Mashini mpya iko na fsync = on, vile PostgreSQL inavyokuja yenyewe, na SSD ya kawaida kama yako ikikula milisekunde 3 kwa kila COMMIT, zidisha mara 20,000, unapata sekunde 60, njo hiyo dakika unayoilalamikia. Ukiweka prosesa ya bei mara kumi utapata dakika ileile.

Dawa yake ni rahisi: mwambie aliyeandika programu afungue na BEGIN (amri ya kuanza), aingize mistari yote, afunge na COMMIT moja, ao atumie COPY (inaingiza mistari mingi kwa mara moja). Itakuwa sekunde chache, na fsync inabaki on.

Rapoti sasa. Kwenye EXPLAIN yako naona Seq Scan (kusoma mistari yote mmoja mmoja) kwenye meza nzima ya mauzo, mistari zaidi ya milioni 3, ili kutoa mwezi mmoja tu, ju ya kolone ya tarehe haina indeksi (orodha ya kutafutia haraka). Halafu chini yake imeandikwa external merge Disk, maana yake kupanga data kumeshindwa kuenea kwenye work_mem (RAM ya kupangia data) ya 4 MB ikabidi imwagwe kwenye disiki. shared_buffers (RAM ambamo databezi inaweka data yake) nayo iko 128 MB kwenye mashini zote mbili, ile ya kuanzia, umenunua RAM 16 GB na databezi yako haijajulishwa. Weka indeksi kwenye tarehe, shared_buffers uipandishe 4 GB, work_mem 64 MB kwa ile rapoti peke yake (usiiweke kwa wote, watu wengi wakiingia pamoja itamaliza RAM), kisha upige ANALYZE (inakusanya takwimu za data), ju data iliyorudishwa kutoka kwa nakala na pg_restore mara nyingi inakuja bila takwimu zake na databezi inachagua njia vibaya.

Na kama mtu amekuonyesha kwenye ekrani kwamba prosesa iko 12% tu wakati rapoti inatembea, akasema inalala, hiyo 12% ni uzi mmoja kati ya 8 unafanya kazi kwa nguvu zake zote. Swali moja (ombi moja kwa databezi) linaweza kukaa kwenye kori moja tu mwanzo mpaka mwisho. PostgreSQL inajua kugawanya swali tangu toleo la 9.6 la 2016, lakini si kila swali linagawanyika, na bila kugusa kitu inaongeza wasaidizi 2 tu. Kwa hiyo kwa rapoti kama yako nguvu ya kori moja njo inahesabu, na hapo i3 yako inaipita ile i7 mbali.

Anayetaka kulinganisha prosesa kweli, aweke toleo lilelile, data ileile, konfigurasio ileile, fsync on pande zote. Matokeo ya kwanza ayatupe ju data ilikuwa bado kwenye disiki, arudie mara kadhaa achukue ya katikati. Atumie pgbench (programu ya PostgreSQL ya kupimia spidi) na -S, inayosoma tu, na data inayoenea kwenye RAM, hapo anapima prosesa. Bila -S anapima disiki zaidi. Na asinipigie pgbench ya kipimo 1 na wateja 50, kipimo 1 (data ya majaribio ndogo kabisa) kina mstari mmoja tu wa tawi la benki ya kuigiza, wote 50 wanaugombania huo mmoja halafu mtu anakuja kusema mashini ni mbovu.

Sasa nirudi kwenye ile fsync, ju nawaandikia wote wenye depo, shule, maduka, si wewe peke yako. Hapa kwetu umeme unakatika bila hodi, ondulere nyingi betri zimekufa zamani, grupu inachelewa kuwaka. Kuzima fsync kwenye mji kama huu ili mteja aone spidi siku ya kulipa ni kumuuzia gari bila breki. Umeme ukikatika, kurasa zingine za databezi ni za sasa, zingine za zamani, na siku ingine databezi inakataa kuwaka. Hapo teknisiye uleule anarudi, anapiga pg_resetwal, inawaka, anashangiliwa, analipwa tena. Ile komandi haitengenezi kitu! Inatupa kumbukumbu ya yale yaliyokuwa yanaandikwa na kulazimisha databezi iwake na data isiyokubaliana, na maelekezo ya PostgreSQL yenyewe yanasema ukishaipiga utoe data mara moja, uunde databezi upya, uirudishe, uikague. Wengine wanafuta faili za pg_wal, folda ya kumbukumbu hiyohiyo, ju disiki imejaa. Ukikuta mtu anafanya hivyo, mutoe kwenye mashini.

Kama kweli COMMIT zinachelewesha kazi, kuna synchronous_commit = off, COMMIT inajibu bila kungojea disiki. Hiyo umeme ukikatika unaweza kupoteza kazi ya mwisho, kama sekunde 0.6 kwa mipangilio ya kawaida, lakini databezi haiharibiki. Kwa fakture mimi siiweki, kwa kuingiza orodha ya bei sawa.

Kwako wewe, kinachonitia wasiwasi ni data uliyotoa kwenye ile mashini ya zamani, imeishi bila fsync na umeme ukikatika, na ni dawa za watu, namba ya loti na tarehe ya kuisha zikichanganyika ni hatari. Piga pg_amcheck (inakagua kama databezi imeharibika) kwenye ile mashini ya zamani, kama toleo lake ni 14 ao zaidi, halafu muhesabu stoku kwa mkono, kisanduku kwa kisanduku, mulinganishe na programu. Anza na dawa za watoto na zile za sindano.