Mwezi mmoja ndani ya chumba cha nahodha: ushauri kwa anayeanza kuunda modeli za 3D

Kiti cha nahodha nilichokitengeneza mara ya kwanza kilikuwa kirefu kuliko mlango. Nilikitazama peke yake kwenye skrini kwa siku nne, nikakipa vibonye, nikakipa mishono ya ngozi, nikajisifu. Siku nilipokiingiza chumbani niliona kwamba Nahodha Kirk wa mfululizo wa televisheni wa Star Trek angehitaji ngazi ili akikalie. Kosa lile lilinifunza kuliko video zote nilizokuwa nimezitazama, na ndilo linalonisukuma kukuandikia wewe uliyefungua Blender, programu ya kuundia modeli za 3D, kwa mara ya kwanza na hujui uanzie wapi.

Wengi huanza na donati, lile zoezi la video la wanaoanza. Sina ugomvi na donati, ila haina wa kukukosoa: ukiikunja vibaya inabaki kuwa donati. Seti ya televisheni uliyoitazama mara nyingi ni habari nyingine, kwa sababu macho yako yanaijua. Ukikosea kimo cha meza kwa upana wa kiganja, kuna kitu ndani yako kitakataa kabla hujaweza kusema ni nini. Mimi nilichagua chumba cha usukani cha chombo Enterprise, kile cha Star Trek ya mwanzo kabisa, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha NBC huko Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969. Vipindi 79, na vingi mno kati ya hivyo vinapita humo chumbani. Picha za kuangalizia hazitakuishia.

Sababu ya pili ina uzito zaidi. Seti ile ilijengwa na maseremala, kwa haraka, kwa fedha za kubana. Matt Jefferies aliyeibuni alikuwa mtu wa ndege, rubani na mchoraji wa ndege, na alichora vitu ambavyo fundi angeweza kuvikata, kuvipigilia misumari na kuvipaka rangi. Hakuna umbo la miujiza humo: ni maboksi, silinda na mbao zilizoinamishwa. Mtu aliyeanza wiki iliyopita anaweza kuunda kipande chochote kimoja. Kazi ni kuvikutanisha vyote vikae sawa.

Basi kabla ya kugusa kitu chochote, weka mtu. Simaanishi mtu mwenye pua na vidole. Weka boksi lenye kimo cha mita 1.8, lisimame katikati ya sakafu, na usilifute hadi siku ya mwisho. Hakikisha programu inahesabu kwa mita. Kisha chukua futi, upime kiti unachokalia sasa hivi: kutoka sakafuni hadi kwenye kalio, kutoka kalio hadi pa kuegemeza mkono. Pima meza yako na mlango wako. Seti za televisheni zinajengwa kwa ajili ya miili ya waigizaji, na miili ile haikutofautiana sana na wako. Namba hizo chache ulizozipima kwa mkono zitakuokoa kuliko mchoro wowote utakaoukuta mtandaoni, maana michoro mingi ya mashabiki inapingana.

Picha nazo zinadanganya, kila moja kwa lenzi yake. Lenzi pana hukuza kilicho karibu na kusukuma ukuta mbali. Lenzi ndefu hubana vyote pamoja. Isitoshe kipindi kile kilipigwa kwa umbo la 4 kwa 3, na picha nyingi zinazozunguka leo zimekatwa juu na chini ili zijaze skrini pana. Tafuta zisizokatwa. Kisha tumia fSpy, programu ya bure ambayo unaichorea mistari iliyo sambamba katika uhalisia, nayo inakukadiria kamera ilisimama wapi na lenzi yake ilikuwaje. Shida ni kwamba chumba cha mviringo kina mistari sambamba michache sana. Mimi nilihangaika na kuta hadi nikachoka, ndipo nikaona kwamba meza ya usukani, ile ya mbele ya nahodha, ina kingo zilizonyooka, na milango ina wima safi. Anzia hapo.

Na usishtuke kamera ikijitokeza nje ya ukuta. Ilinitokea, nikafuta kazi ya jioni nzima nikidhani nimekosea hesabu. Kumbe sikukosea. Seti ilijengwa kwa vipande vinavyoweza kuvutwa kando ili kamera ipate nafasi ya kurudi nyuma. Mara nyingi unapomwona Kirk uso kwa uso, kamera imesimama mahali ambapo ukuta ulipaswa kuwa.

Vipande hivyo ndivyo ufunguo wa chumba kizima. Duara limegawanywa mara kumi, kila sehemu nyuzi 36. Kwa hiyo hutengenezi chumba, unatengeneza kipande kimoja kama cha keki, halafu unakizungusha. Hapa hesabu ya shule inarudi na safari hii ina faida: katika umbo la pande kumi, urefu wa upande mmoja ni nusu kipenyo mara 0.618. Ukiamua kwamba kutoka katikati ya chumba hadi kwenye kona ni mita 5, kila ukuta utakuwa na upana wa mita 3.09. Ukijua namba hiyo hutabahatisha tena. Jenga kituo kimoja cha kazi: meza, ubao wa vibonye ulioinama, kioo cha juu, pengo la kuwekea magoti. Weka egemeo lake (origin, nukta ambayo kitu huzungukia) katikati kabisa ya chumba, siyo katikati ya kituo chenyewe, kisha tumia modifaya (amri inayobadili kitu bila kugusa umbo lake la asili) ya kupanga nakala, Array, ukiipa kitu tupu (Empty) kilichozungushwa nyuzi 36 kama kiongozi.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, vituo vyangu havikufunga duara. Vilipanda vikubwa, vikubwa zaidi, vikajisokota kama kombe la konokono. Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikatafuta sababu kwa siku mbili. Sababu ilikuwa kwamba nilikuwa nimeukuza ule ubao mapema kwa kuuvuta nikiwa nje ya hali ya kuhariri (Edit Mode), na programu ilikuwa inaukumbuka ukuzaji huo na kuuzidisha kwenye kila nakala. Dawa ni Ctrl+A, kisha chagua ukubwa. Kibonyezo kimoja. Ukisoma mstari mmoja tu wa makala hii, usome huu: kila unapomaliza kubadili ukubwa wa kitu, tumia Ctrl+A kabla hujakipa modifaya yoyote. Modifaya ya kukata kingo nayo huharibika kwa sababu hiyohiyo, ikakupa kona nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine.

Sehemu zote kumi hazifanani, bila shaka. Mahali pa kioo kikubwa cha mbele hapana kituo, penye lifti hapana kituo, na pale pa Spock, ofisa wa sayansi, pana kile kifaa anachoinamia kuchungulia, chenye mwanga wa buluu unaompiga usoni. Ndiyo maana baada ya kuridhika na kipande cha kwanza niliachana na modifaya nikatumia Alt+D, ambayo hutoa nakala zinazogawana umbo moja. Ukirekebisha kibonye kwenye kituo kimoja, vyote vinarekebika. Kile unachotaka kiwe tofauti unakitenga peke yake mwishoni. Nasisitiza mwishoni. Mimi nilitenga mapema, na nilipogundua kwamba mbao zote zimeinama kupita kiasi nikalazimika kuzirekebisha moja baada ya nyingine.

Kuna shimo moja nataka ulijue mapema, maana nilipoteza wiki mbili ndani yake. Ukitazama chumba, mlango wa lifti hauko nyuma kabisa ya kiti cha nahodha, umekaa kando. Lakini ukitazama chombo kwa nje, nyuma ya kuba la juu pana kijisilinda kilicho katikati barabara, na mashabiki wengi wanakiona kuwa ndimo lifti inamopita. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli, isipokuwa chumba kizima kimepindishwa nyuzi 36 ndani ya chombo, na nahodha anaendesha akiwa ameelekea upande. Michoro iliyochapishwa mwaka 1975 ilichukua msimamo huo, na mabishano hayajaisha. Mimi nilitaka modeli yangu ya ndani iingie ndani ya modeli ya nje bila doa. Usijaribu, walau si sasa. Seti ilikuwa sakafu na mbao ndani ya studio. Chombo kilikuwa modeli ya mita 3.4, ambayo leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian ya anga huko Washington. Vilikuwa vitu viwili tofauti. Chagua kimoja, ukimalize.

Vibonye vitakutamanisha kuharibu kompyuta yako. Silinda inayotazamwa kwa karibu inapendeza ikiwa na pande 64. Sasa hesabu: vituo vinane vyenye vibonye 50 kila kimoja ni vibonye 400, na nyuso za pembeni peke yake zinafika 25,600, kwa vitu ambavyo kwenye picha ya mwisho ni vidogo kama punje. Kwa pande 12 unabaki na 4,800 na hakuna atakayeona tofauti. Nguvu uliyookoa itumie kwenye kingo za meza na reli. Hakuna kona ya plaiwudi iliyo kali kama wembe. Ikate milimita tatu hadi tano, na utaona mwanga ukikaa juu yake kama uzi. Huo uzi wa mwanga ndio unaomfanya mtazamaji aamini kwamba meza ina uzito.

Nikija kwenye rangi, nilidanganyika vibaya. Nilichukua picha, nikachovya rangi ya ukuta kwa kile kijisindano cha kunyonya rangi, nikapata zambarau, nikapaka zambarau. Chumba kikawa kama ukumbi wa harusi. Kumbe sehemu kubwa ya kuta za seti zile zilikuwa za kijivu. Jerry Finnerman, mpigapicha mkuu wa vipindi vingi vya mfululizo ule, aliweka karatasi angavu za rangi mbele ya taa, na kijivu kikageuka zambarau, kijani au waridi kulingana na tukio. Hata mashati ya nahodha unayoyakumbuka kuwa ya dhahabu, kitambaa chenyewe kilikuwa kimeegemea kijani. Taa na filamu ndivyo viliyageuza. Vitu vyenye rangi yake kweli ni vichache, na cha kwanza ni ule wekundu wa reli na milango, ambao kwenye kipindi cha majaribio cha 1964 haukuwepo. Kwa hiyo paka kijivu, zima kila kitu, kisha washa taa moja moja. Juu acha wazi bila dari, kama studio, uning'inize taa zako hapo. Ukishaona kivuli cha zambarau kikianguka kwenye ukuta wa kijivu hutapenda tena kunyonya rangi kutoka kwenye picha.

Mambo mengine nitayapita haraka. Hifadhi faili kwa namba mpya kila siku, chumba_01, chumba_02, usiandike juu ya la jana. Ukiona uso umeingia giza bila sababu, umegeuka nje ndani. Chagua vyote ubonyeze Shift+N. Na chumba hiki kina wenyewe wenye haki, hivyo kiweke kwenye mkoba wa kazi zako kama zoezi, useme wazi kuwa ni zoezi, na usikiuze.

Kilichobaki ni milango ya lifti. Ukifika hapo utataka kuipa mwendo, na programu itakupa mwendo laini kabisa, mabawa mawili yakienda pamoja kama kioo na kivuli chake. Nilifanya hivyo na haikunikaa. Nilirudia kuutazama ule mlango wa zamani fremu kwa fremu hadi nikakumbuka kwamba haukuwa na mota: nyuma ya ukuta walisimama mafundi wa jukwaa, wakisubiri ishara, wakavuta kwa mkono. Nikachelewesha bawa la kushoto kwa fremu moja, nikaliongezea la kulia kamtikisiko kadogo linapogota mwisho. Rafiki yangu aliyewahi kuutazama mfululizo wote alikuwa amepita nyuma ya kiti changu bila kusema kitu kwa wiki nzima. Siku hiyo alisimama, akaniambia nirudishe pale mlango unapofunguka.