Maswali ya Wasomaji: Kujenga Expat kutoka kwenye msimbo wake

Barua za safari hii zinazunguka Expat, maktaba ya lugha ya C inayochanganua XML, muundo wa kuandika data kwa maandishi yenye vitambulisho. Iliandikwa kwanza na James Clark miaka ya 1990 na sasa hutolewa bure kwa leseni ya MIT. Python, dbus (njia ya programu kuwasiliana) na fontconfig (inayosimamia fonti) huitegemea, kwa hiyo karibu kila kompyuta ya Ubuntu tayari inayo nakala yake. Hilo litakuwa na maana hapo chini.

Nimeshusha Expat kutoka GitHub, nikafungua furushi, nikaandika ./configure. Naambiwa hakuna faili la jina hilo. Je, limeharibika njiani?
*Mwanafunzi, Makerere*

Halijaharibika, ila umechukua furushi lisilo lenyewe. Chini ya kila toleo, GitHub huweka yenyewe mafurushi mawili yaliyoandikwa "Source code". Hayo ni picha ya hazina ya msimbo jinsi ilivyo, na ndani yake hakuna configure, kwa sababu hati hiyo haiandikwi kwa mkono. Huzalishwa na autoconf, zana ya kutengenezea hati zinazokagua mashine kabla ya kujenga. Wewe tafuta faili lililotayarishwa na watunzaji wa mradi, mfano expat-2.7.1.tar.xz, au namba mpya zaidi ukiikuta. Halifiki hata megabaiti moja. Kinachokula bando ni kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), kama bado huna.

Ukishalipata, kazi yenyewe ni hii:

    sudo apt install build-essential pkg-config
    tar xf expat-2.7.1.tar.xz
    cd expat-2.7.1
    ./configure --prefix=$HOME/expat
    make
    make check
    make install

Angalia kwamba sudo imetumika mara moja tu, kwenye apt. Hilo ni la makusudi. Usipotaja --prefix, Expat itakwenda /usr/local, na kwenye Ubuntu folda ya /usr/local/lib hutafutwa kabla ya ile ya mfumo. Maana yake, mara tu ldconfig (amri inayosasisha orodha ya maktaba za mfumo) ikipita, kila programu inayohitaji libexpat.so.1 itaacha nakala ya mfumo na kushika yako, Python na dbus zikiwemo. Ukiwa umeijenga vibaya, unaweza kuwasha mashine kesho ukakosa hata skrini ya kuingilia. Ya --prefix=/usr ndiyo tusiizungumze kabisa: unachanganya mafaili yako na ya apt, na siku ya kusafisha hutajua lipi ni la nani. Ikiwa ndani ya $HOME/expat, ukiichoka unafuta folda moja na habari imekwisha.

Usiruke make check. Mwishoni hutoa muhtasari. Mstari wa FAIL lazima usome 0. Kisha hakikisha kwa:

    $HOME/expat/bin/xmlwf -v

xmlwf ni programu ndogo inayokuja pamoja na maktaba. Huonyesha toleo, na ukiipa faili la XML hukuambia mstari na safu yenye kasoro. Ikikaa kimya, faili ni safi.

Ukishikilia kutumia git, ujue msimbo umo kwenye folda ya expat iliyo ndani ya hazina. Ingia humo, hakikisha una autoconf, automake na libtool, endesha ./buildconf.sh, kisha configure uiongezee --without-docbook ili isidai zana za kutengenezea ukurasa wa maelezo. Kwa anayetaka kuitumia tu maktaba, hatuoni faida ya usumbufu huo.

Umeme ulikatika make ikiendelea. Uliporudi nilianza upya na sasa configure inakataa: "newly created file is older than distributed files! Check your system clock". Kompyuta ni ya mezani, ya zamani.
*Msomaji, Gulu*

Ujumbe unasema kweli: tazama saa. Betri ndogo ya ubao mama, ile ya mviringo ya CR2032, imekufa, na umeme ukikatika mashine hurudi kwenye tarehe ya zamani. configure inaunda faili sasa hivi, inalilinganisha na yaliyotoka kwenye furushi, inaona "jipya" lina umri mkubwa kuliko ya zamani, inagoma. Ni saa hiyo hiyo inayofanya apt ilalamike kwamba orodha zake bado hazijaanza kutumika, na kivinjari kikatae vyeti vya tovuti.

Kama intaneti ipo:

    sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala
    sudo timedatectl set-ntp true

Kama haipo, weka kwa mkono kwa sudo date -s "2025-06-14 15:30", ukitia tarehe na saa ya leo. Hesabu ni ya saa ishirini na nne, kwa hiyo saa tisa na nusu alasiri ndiyo hiyo 15:30. Kisha nunua betri, maana umeme utakatika tena.

Bado kuna mtego wa pili. Umeme ulipozimika, huenda kompaila ilikuwa katikati ya kuandika faili la .o, yaani kipande cha msimbo kilichokwisha kugeuzwa. Likabaki nusu, au tupu kabisa, lakini tarehe yake ni mpya. make haifungui faili kuangalia kilichomo. Inalinganisha nyakati tu, inaridhika, inasonga mbele. Baadaye kiunganishi, kinachounga vipande hivyo kuwa programu, ndicho kinachopiga kelele: "file truncated" au "file format not recognized". Dawa ni make clean, kisha make. Ikiwa umeme ulikatika wakati wa configure yenyewe, futa folda yote na ufungue furushi upya. Expat ni ndogo, hupotezi kitu.

Diski yangu imejaa, hivyo najenga kwenye flashi. ./configure inasema "Permission denied" ingawa nimefanya chmod +x.
*Msomaji, Busia*

Flashi nyingi hutumia mfumo wa mafaili wa FAT32, na FAT32 haihifadhi ruhusa za Linux. Chmod haina pa kuandika. Hata ukiizunguka kwa sh configure, utakwama mbele wakati libtool inapotaka kuunda kiungo cha libexpat.so, maana FAT32 haina viungo vya aina hiyo. Flashi iwe ya kubebea .tar.xz tu. Nakili furushi kwenye folda yako ya nyumbani na ulifungulie huko. Nafasi inayohitajika ni ndogo. Futa video moja.

Nimejenga 2.7.1 bila kosa. Programu yangu nimeiunganisha kwa -L$HOME/expat/lib -lexpat, ikakubali. Lakini XML_ExpatVersion() inarudisha expat_2.4.7! Natumia Ubuntu 22.04.
*Mtengeneza programu, Ntinda*

Hiyo 2.4.7 ni nakala ya Ubuntu 22.04. Alama ya -L humwongoza kiunganishi wakati wa kujenga tu. Programu inapoanza kukimbia, mpakiaji wa mfumo hutafuta libexpat.so.1 upya kwa njia zake mwenyewe, na ya kwanza kuiona ni ya mfumo. Jina ni lile lile, kwa hiyo halalamiki. Kosa la kimya namna hii ni baya kuliko lile la kukosekana kwa faili, ambalo angalau hukusimamisha.

    export PKG_CONFIG_PATH=$HOME/expat/lib/pkgconfig
    gcc soma.c -o soma $(pkg-config --cflags --libs expat) -Wl,-rpath,$HOME/expat/lib
    ldd ./soma | grep expat

Sehemu ya -rpath huandika njia ndani ya programu yenyewe. Mstari wa ldd sasa uonyeshe folda yako. Zingatia mpangilio: soma.c itangulie, maktaba zifuate. Ukizigeuza, Ubuntu itakujibu "undefined reference to XML_ParserCreate" na utadhani maktaba ni mbovu. LD_LIBRARY_PATH nayo inafaa kwa jaribio, ila ukifunga terminali imepotea, na kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) haitaiona.

Lakini je, uliihitaji 2.7.1? Ubuntu hurudisha viraka vya usalama kwenye toleo lake bila kubadili namba ya msingi. Kama ni usalama tu uliokusukuma, sudo apt upgrade ilitosha. Kujenga mwenyewe kuna maana unapohitaji kitu ambacho hakimo, kwa mfano XML_SetReparseDeferralEnabled iliyoingia na 2.6.0. Na ukishajenga, viraka vya kesho ni juu yako. Apt haijui hata kwamba folda hiyo ipo.

Nasoma orodha ya wakulima wa kahawa, faili kubwa la XML. Majina mengi yako sawa, machache yanakatika: Nambozo naipata kama "bozo". Faili lenyewe halina kosa.
*Msomaji, Mbale*

Kosa liko kwenye kishughulikia maandishi ulichompa XML_SetCharacterDataHandler. Expat haiahidi kukuletea maandishi ya elementi moja kwa mkupuo mmoja. Ukiwa unasoma faili kwa vipande vya, tuseme, baiti 4096, na mpaka wa kipande ukaangukia katikati ya jina, utaitwa mara mbili: kwanza na "Nam", kisha na "bozo". Msimbo wako unaandika la pili juu ya la kwanza. Ndiyo maana ni machache tu: yale yaliyokaa mpakani. Hata bila mpaka, mstari mpya au & hukata maandishi vilevile.

Elementi inapofunguka, safisha bafa yako. Kila ukiitwa, ongeza mwishoni mwake. Elementi inapofungwa, ndipo ulichukue jina. Tumia urefu unaopewa, usitumie strlen, kwa sababu maandishi hayo hayamaliziki kwa baiti ya sifuri. Na kwenye mwito wa mwisho wa XML_Parse, hoja ya mwisho iwe 1. Ukiiacha 0, faili lililokatika njiani litapita kana kwamba ni kamili.

Ukikutana na "unknown encoding", tazama mstari wa kwanza wa faili. Expat inaelewa yenyewe UTF-8, UTF-16, ISO-8859-1 na US-ASCII. Lililotoka kwenye Windows likitangaza windows-1252, lipitishe kwenye iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8, halafu ubadilishe na tangazo lenyewe, maana iconv haligusi.