Barua kwa Mwanangu: Spana Namba 21

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimekaa kimya. Unasema mkwe wangu ameleta nyumbani Peugeot 404 ikiwa juu ya lori, haina injini, milango miwili imefungwa kwa waya, na tangu siku hiyo jioni zake zote zinaishia chini ya gari. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe uliishije na lile gari la baba miaka yote ile? Nimwambie achague, mimi au gari?"

Nianze na hilo la mwisho. Usimwambie achague. Mimi nilishamwambia baba yako hivyo hivyo, mwaka wa pili wa ndoa yetu, naye akanyamaza muda mrefu mno kwa swali la namna ile. Hakuwa anachagua, maskini. Alikuwa anashangaa tu kwamba kuna mtu anaweza kuviweka vitu hivyo viwili kwenye mzani mmoja. Lakini mimi hayo niliyajua baadaye sana. Usiku ule niliulalia ukimya wake mpaka kukakucha.

Watu watakwambia mengi. Shangazi yako aliniambia bora gari kuliko ulevi. Ni kweli, na haisaidii kitu. Aliyekanyagwa mguu mmoja hapoi kwa kuambiwa kuwa ingeweza kuwa yote miwili. Wengine watakwambia utalizoea mpaka ulipende. Mimi sikulipenda. Nimeliona kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo kwangu ni gari lenye kelele linalonukisha nguo petroli. Nikikudanganya kwamba nililipenda, utangoja mapenzi hayo yaje, na yasipokuja utadhani kasoro iko kwako.

Ile Volkswagen ya mwaka 1969, Beetle, ya mgongo wa kobe, injini nyuma na buti mbele, nilianza kuhutubiwa habari zake kabla sijawafahamu hata wakwe zangu. Kwamba haina maji wala rejeta, inapozwa kwa upepo wa feni. Kwamba maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba, hivyo ukiosha kioo sana unabaki na tairi la akiba lililolegea (hilo, nakiri, lilinichekesha). Kwamba tarehe 17 Februari 1972 ilivunja rekodi ya Ford Model T, ya gari lililotengenezwa kwa wingi zaidi, kwa kutoa gari la 15,007,034. Tarehe ya harusi yetu namkumbusha mimi; hiyo ya Februari hajaikosea hata mara moja. Na ile ya mwisho kabisa ilipotoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, alishinda na uso wa mtu aliyepata msiba. Nikamwambia kitu kilichotengenezwa zaidi ya milioni 21 hakiwezi kuitwa adimu. Hakunijibu. Alichukua kitambaa akaenda kuipangusa vumbi.

Wewe yako itakuwa hotuba ya 404. Utaambiwa umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, kwamba ilianza kuuzwa mwaka 1960, kwamba injini yake imelazwa upande nyuzi 45, na kwamba ilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Usimkatize. Hotuba nzima hutolewa mara moja tu. Baada ya hapo huja vipandevipande, mbele ya wageni.

Sasa nikwambie lililoniuma, maana hukuniuliza lakini ndilo ulilokuwa unalizunguka. Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumeweka akiba ya kutengeneza paa, na mvua ikinyesha tunatega ndoo tatu, mbili koridoni na moja chumbani kwako. Siku fundi wa paa alipokuja kupima, nikaenda kuchukua pesa nikakuta hakuna. Zilikuwa zimekwenda kwenye krenki na vyuma vyake, mwezi mzima uliopita. Mwezi mzima, mwanangu, alikuwa anaamka usiku kama mimi kuzimwaga zile ndoo. Nilimwona akiimwaga ya chumbani kwako na kuirudisha mahali pake taratibu usije ukaamka, na neno hakusema. Pesa ziliniuma, ndiyo. Lakini kila nilipokumbuka jinsi alivyoirudisha ile ndoo kwa upole wote huo, nilikuwa naishiwa pumzi kwa hasira.

Nami sikuwa malaika. Wiki ile ile nikasafisha stoo, na kopo moja lenye vyuma vidogovidogo nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilijua fika si takataka. Kumbe mlikuwa na jeti za kabureta na klipu ambazo baba yako alizitafuta miaka miwili. Hakufoka. Siku kumi na moja nikapata salamu ya asubuhi na ya usiku, basi. Ningependa angefoka.

Siku ya kumi na mbili tukakaa mezani na daftari. Tukakubaliana kuwa kila mwezi ana fungu lake, dogo, analitumia kwenye gari bila kuulizwa na bila kuguniwa, hata akinunua taa ambayo anayo tayari. Kinachozidi fungu hilo kinasemwa kabla ya kununuliwa. Kusemwa baada ya kununua ni sawa na kutosemwa. Na mimi nikapata fungu langu, sawasawa na lake, nisiloulizwa. Miaka miwili ya kwanza nililitumia ovyo, kwa makusudi kabisa, na yeye akatimiza ahadi yake ya kutouliza. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kulegea. Ongeza na sharti jingine ambalo lilikuwa langu: kipuri kipya hakiingii ndani kabla kilichotangulia hakijafungwa garini. Bila sharti hilo, nyumba hugeuka duka la spea lisilo na mteja.

Muda ulikuwa mgumu kuliko pesa, maana pesa zinahesabika. Injini ya Volkswagen ile imeshikwa kwenye giaboksi na boliti nne tu, na hiyo ni balaa, kwa kuwa injini inayotoka kirahisi hutolewa mara kwa mara. Iliwahi kukaa sebuleni wiki tano juu ya blanketi kuukuu. Wewe uliivalisha kofia yako ya shule na ukakataa tuivue. Hatimaye tulipatana siku moja ya wiki isiguswe, na jioni tochi izimwe saa mbili. Aliyakiuka mapatano hayo mara nyingi. Nilijifunza kutoka nje na kuizima tochi mwenyewe, bila kusema kitu, nikimwacha gizani chini ya gari mpaka atoke.

Halafu kuna habari ya tapeti, na hii ndiyo ninayotaka uisome polepole.

Tapeti za injini ile, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya vali na skrubu inayoisukuma, hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa hiyo ni kazi ya alfajiri, kabla gari halijawashwa. Mtu mmoja anaweza, ila wawili ni rahisi zaidi: mmoja analala chini na fila ya kupimia na bisibisi, mwingine anasimama nyuma na spana namba 21, anaikaza kwenye nati ya puli ya jenereta na kuzungusha injini kwa mkono. Asubuhi moja kijana aliyekuwa akimsaidia hakutokea, akaniita mimi. Nilitoka na kinyongo changu na kanga begani.

Akanielekeza akiwa chini. Unaanza na silinda ya kwanza, alama ya puli ya chini ikikaa sawa na mstari ambapo nusu mbili za injini zinakutana. Akishapima vali mbili za hapo, unairudisha puli nyuma nusu mzunguko, unapata silinda ya pili. Nusu nyingine, ya tatu. Nusu nyingine, ya nne. Ukizungusha mbele mpango unavurugika, kwa sababu injini inawaka kwa mpangilio wa moja, nne, tatu, mbili. Fila ni kibati chembamba mno. Kinapita kati ya skrubu na ncha ya vali, na kinatakiwa kisuguane kidogo tu, kama unavyovuta karatasi iliyolaliwa na kitabu. Nilikuwa nausikia msuguano ule nilikosimama, asubuhi ilikuwa kimya hivyo.

Tulipofika ya tatu akasema, "Hii ndiyo inayoteseka. Kipozea oili kimekaa mbele yake, kinaizibia upepo, inaungua kuliko wenzake na huwezi kujua kwa kuitazama." Kisha, kwa sauti ile ile, bila hata kuvuta pumzi, akasema kazini wameambiwa idara yao inafungwa. Alikuwa na habari hiyo siku tisa.

Nilikuwa naona magoti yake na viatu tu. Nikamuuliza, "Nizungushe?" Akasema, "Subiri kwanza." Tukabaki hapo, mimi na spana, yeye na fila, tukaongea mpaka jua likatoka. Mezani alikuwa hawezi kuniambia neno kama hilo akiniangalia usoni; chini ya gari aliweza.

Tangu siku hiyo kazi ya tapeti sikuikosa. Mambo mengi ya nyumba hii yamesemwa nikiwa nimesimama nyuma ya gari lile: kwamba anataka mtoto wa pili, kwamba shule niliyokuchagulia haikumpendeza, na kwamba suala la paa bado linamwamsha usiku. Mengine niliyasema mimi, maana na mimi nilikuwa sionekani uso. Sisemi mkwe wangu naye atakuwa hivyo. Wapo ambao chini ya gari hawasemi lolote ila kutukana nati. Ila nenda mara moja ukashike tochi, usikae sana, na usiulize "bado tu?"

Unaogopa pia kwamba anakukimbia wewe. Mtazame anapoingia ndani. Akiingia na mikono ya grisi akitaka kukusimulia boliti iliyokatika, hata kama simulizi lenyewe linachosha, huyo amerudi nyumbani. Akiingia kama mtu anayerudi kwenye zamu, basi shida haiko kwenye 404, na hata ukiiuza leo hutaiona shida hiyo ikiondoka nayo.

Jambo moja sikupatana naye, niliamuru, na wewe uamuru. Usalama. Mipira ya petroli ya gari kuukuu hukauka na kupasuka, na kwenye Volkswagen petroli ikivuja inaangukia injini ya moto. Kasha la injini ile ni aloi ya magnesiamu. Likishika moto, kulimwagia maji ni kulichochea. Betri nayo iko chini ya kiti cha nyuma, pale pale ulipokuwa unarukaruka, na springi za kiti zikigusa vichwa vya betri kiti kinaweza kuwaka. Nilipoyajua hayo, hukupanda gari lile tena mpaka mipira yote ibadilishwe, betri ifunikwe vizuri na mtungi wa kuzimia moto ufungwe mahali unapofikiwa na mkono wa dereva. Alinuna siku mbili. Anune tu. Kwenu, mwambie breki, mipira ya breki na mikanda ya viti vianze. Rangi na bampa za kung'aa ndizo za mwisho. Najua atataka kuanza na bampa, wote huanza na bampa.

Na kabla hajanunua injini, anyanyue mikeka ya sakafu. Volkswagen bodi yake imefungwa kwenye sakafu kwa boliti, hivyo sakafu inaweza kubadilishwa, lakini 404 bodi na sakafu ni kitu kimoja; kutu ikishaila chini imelila gari zima. Achukue bisibisi agonge chini ya milango, pande zote mbili. Ikiingia, mkae na daftari siku hiyo hiyo. Baba yako anasema usimwambie kwamba ushauri huu umetoka kwake, mwambie umesoma mahali. Anasema pia anataka kujua kama kabureta ipo na kama gia bado ziko kwenye usukani, na ameniuliza hilo mara tatu tangu nianze kuandika.

Sasa ananiita tena. Leo gari lililala nje na injini ni baridi. Namsikia anapekua sanduku zima la vifaa akitafuta spana namba 21, na iko hapa mbele yangu, nimeiweka juu ya karatasi hizi zisipeperushwe na upepo. Ngoja nimpelekee.

Mama yako